Vigae vya jikoni vimefubaa? Usimpe fundi nyundo bado!

Huku kwetu Songea tunadunda tu, mlima Matogoro uko palepale na maisha yanasonga.

Wiki hii naingia jikoni. Najua kuna washikaji wameshaanza kucheka, eti mwanaume mzima na jikoni wapi na wapi. Cheka taratibu, mshikaji. Ukipanga chumba chako mwenyewe, sufuria ni yako, moshi ni wako na ukuta mchafu ni wako pia. Hakuna dada wala mama wa kukusafishia.

Ninaozungumzia leo ni vile vigae vya ukutani, au marumaru kama wengi tunavyoviita, vinavyobandikwa juu ya sinki na nyuma ya jiko. Kwenye nyumba nyingi za zamani utavikuta ni vyeupe, vidogo vya mraba, sentimita 15 kwa 15. Vilipobandikwa viling'ara mpaka ukajiona sura. Leo vimekuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyochacha, ukivigusa vidole vinanata, na mistari ya katikati imekuwa myeusi kama makaa. Mgeni akiomba maji ya kunywa unamkimbilia na glasi sebuleni ili asije akaingia jikoni.

Hapo ndipo anapotokea fundi. Anasimama mlangoni, mikono kiunoni, anatikisa kichwa na kutamka hukumu: "Hivi vimekufa. Tuvunje tuweke vipya." Sikatai, mafundi ni ndugu zetu na wanatafuta riziki kama mimi ninavyotafuta kwa kalamu. Lakini nataka nikwambie kitu kimoja, na ukikikumbuka hicho tu leo utakuwa umefaidi gazeti lako: mara nyingi vigae havijafa. Vimezikwa vikiwa hai.

Yaliyotokea Mfaranyaki

Niwape mkasa wenyewe. Nyumba ninayopanga hapa Mfaranyaki tunakaa kaya tatu na jiko ni moja la kushirikiana. Yupo dada fundi cherehani na mwanawe, yupo kijana wa bodaboda, na mimi mwandishi wenu. Juni ya mwaka jana, mama mwenye nyumba alikuja na habari. Fundi wake amemwambia vigae vya jikoni vimekufa, kwa hiyo anavunja ukuta wote, anaweka vipya, na kodi itapanda ili gharama irudi. Halafu tulipe ya miezi sita kwa mkupuo. Kiasi sikitaji, maana mama mwenyewe analisoma gazeti hili.

Kwangu ilikuwa pigo, lakini kwa yule dada ilikuwa kasheshe kubwa zaidi. Wateja wake wote wako karibu na hapo, na shule ya mtoto ni ya kutembea kwa miguu. Kuhamia nje ya mji maana yake ni nauli kila siku na kuanza kutafuta wateja upya. Hakulia wala hakulalamika. Alichukua kitambaa, akakitia maji ya moto na sabuni, akakibandika kwenye kigae kimoja pale pembeni ya sinki, akaendelea kushona. Baada ya robo saa alikuja akakifuta. Kigae kiling'aa kama jino la mtoto.

Jioni tukaenda kwa mama mwenye nyumba, watu watatu na heshima zetu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja na kodi?"

"Hapana mama, tumekuja na ombi," dada akajibu. "Tupe wiki mbili. Tukishindwa, fundi wako aje na nyundo yake."

Mama akatutazama mmoja mmoja, akacheka. "Haya. Wiki mbili. Mkinibandulia hata kimoja, mtakilipa."

Kwa hiyo haya nitakayoyaeleza sikuyasikia kijiweni. Ni kazi tuliyoifanya kwa mikono yetu, tena mifuko ikiwa imetoboka.

Mng'aro uko wapi?

Kigae cha ukutani ni udongo uliochomwa. Huo udongo wenyewe haung'ai, ni kama chungu tu. Kinachong'aa ni ngozi nyembamba ya juu, na ngozi hiyo ni kioo. Kiwandani hupakwa uji wenye madini ya mchanga, kisha kigae kinaingia kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Ule uji unayeyuka na kuwa kioo kilichoshikana na udongo.

Kioo hakizeeki kirahisi. Kama unabisha, siku ukifika Dar es Salaam nenda kwenye magofu ya Kunduchi. Pale kuna makaburi ya kale ambayo wazee wetu wa pwani waliyapamba kwa sahani za kutoka China zilizobandikwa kwenye nguzo. Ni ngozi ileile ya kioo. Sasa jiulize, kama sahani hizo ziliwekwa nje kwenye mvua, jua na chumvi ya bahari karne na karne, kigae chako cha juzi kitakufaje kwa moshi wa maharage?

Kinachofanya kigae kifubae ni vitu vinne. Cha kwanza ni mafuta ya kupikia. Mafuta yanaruka, yanatua ukutani, na kila siku yanapigwa joto mpaka yanakauka na kuwa kama vanishi. Masizi na vumbi vinanasa humo. Cha pili ni madoa meupe ya maji yenye chumvichumvi, hasa karibu na bomba. Cha tatu ni mistari, maana hata kigae kikiwa kisafi, mstari mweusi unaufanya ukuta mzima uonekane mchafu. Cha nne ndicho kibaya: mikwaruzo. Mtu amesugua kwa mchanga na waya wa chuma miaka kumi mpaka ile ngozi ya kioo imechanika. Hivyo vitatu vya kwanza vinaondoka kwa kuosha na kutengeneza. Cha nne pekee ndicho kinachotaka rangi.

Pima kabla ya kununua kitu

Usikimbilie dukani. Fanya mtihani wa dakika chache kwanza.

Osha kigae kimoja kwa njia ya yule dada, maji ya moto, sabuni na kitambaa cha kulowekea. Kikishakauka, washa tochi ya simu na uimulike kutoka ubavuni. Kama mwanga unateleza na kurudi, ngozi ipo. Kama unaona mikwaruzo mingi kama kioo cha saa ya zamani na mwanga unafifia, imechoka. Kisha dondoshea tone la maji. Likikaa juu mpaka ulifute, safi. Likinyweshwa na kuacha doa la unyevu, ngozi hapo imeondoka.

Mtihani wa mwisho, gonga kila kigae kwa kidole kilichokunjwa. Kinachotoa mlio mzito kimeshikamana na ukuta. Kinacholia kama debe tupu kimeachia kwa nyuma, na hicho kitakudondokea siku moja. Kipigie alama kwa chaki, maana hakuna faida ya kumpodoa mtu aliyekwisha funga mizigo.

Sisi ukuta wetu ulikuwa na mistari minne ya vigae 20, jumla 80. Baada ya mtihani tulipata 66 vizima, tisa vilivyochubuka na vitano vyenye ufa. Kumbe hukumu ya kifo ilitolewa kwa kaya nzima wakati wagonjwa ni 14!

Kuosha ni kulowesha, siyo kugombana

Wengi tunakosea hapa. Tunashika waya wa kusugulia masufuria na kuanza vita. Mafuta yaliyokauka hayashindwi kwa nguvu, yanashindwa kwa subira.

Adui wa mafuta ni magadi. Yeyusha vijiko viwili vya chakula vya magadi kwenye lita moja ya maji ya moto. Tumia ndoo ya plastiki, usitumie sufuria ya alumini, maana magadi ya moto yanaila. Vaa glovu za mpira, ngozi ya mikono yako ina mafuta pia na magadi hayabagui. Chovya vitambaa vya zamani, vikamue kidogo, vibandike ukutani na uviache dakika 15 mpaka 20. Ukivibandua utaona ule unga wa kahawia umelegea. Kwangua kwa kitu cha plastiki, mfano kadi ya zamani ya simu au ya benki iliyokwisha muda wake. Kisu weka mbali. Malizia kwa dodoki na sabuni ya maji, suuza kwa maji safi mara mbili. Sehemu sugu rudia kesho, usilazimishe.

Huna magadi? Bibi zetu walisugua vyombo kwa majivu ya kuni na walijua walichokifanya, maana majivu nayo yanakata mafuta. Ila yachekeche kwa kitambaa chepesi kwanza. Chembe moja ya mchanga ndani ya majivu inakwaruza kioo, na mkwaruzo hauoshwi. Kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa uchafu, ndiyo maana ukuta uliosuguliwa kwa mchanga unachafuka haraka kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Madoa meupe ya maji hayasikii magadi. Hayo dawa yake ni siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au maji ya limao. Paka, subiri dakika tatu, suuza vizuri. Usiiache ilale hapo, maana asidi inakula simenti ya mistari. Na ile asidi kali ya kusafishia choo usiilete jikoni kabisa.

Sikiliza hapa, siyo utani

Siku ya pili yule kijana wa bodaboda alitaka kutuonyesha njia ya mkato. Alikuja na chupa ya jiki mkono mmoja na malimao mkono mwingine, eti achanganye vyote vipige kazi kwa pamoja. Dada wa cherehani alimpokonya chupa kabla hajaifungua.

Jiki ikikutana na limao, siki au asidi yoyote inatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo inachoma macho, koo na mapafu. Ndiyo hiyohiyo iliyotumika kama silaha vitani huko Ubelgiji mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sasa fikiria jiko la mita mbili, dirisha moja dogo, na mtoto anacheza mlangoni. Kwa hiyo sheria ni moja: jiki siku yake, limao siku yake, na katikati ukuta usuuzwe kwa maji mengi. Madirisha wazi wakati wote.

Na kuna wajanja wanaopaka mafuta ya taa ukutani ili ung'ae. Utang'aa mpaka jioni, kisha utanasa vumbi la kata nzima. Halafu hapohapo chini unawasha jiko! Ukitaka kuungua, zipo njia nafuu zaidi.

Mistari ndiyo sura

Vigae vikishatakata utaona mistari imebaki myeusi. Chukua mswaki wa zamani na magadi yaliyolowekwa kwa maji kidogo mpaka yawe kama dawa ya meno, sugua mstari mmoja mmoja. Washa redio, ni kazi ya kuchosha. Kama weusi ni ukungu, hapo ndipo jiki yenye maji mengi ina nafasi yake. Paka kwa mswaki, subiri dakika kumi, suuza.

Mstari uliomomonyoka hauoshwi, unajazwa. Kwangua ule unga ulioachia kwa msumari, kina cha milimita mbili au tatu, toa vumbi, lowesha kidogo kwa maji. Koroga simenti nyeupe na maji mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Ijaze kwa kipande cha mpira au kidole chenye glovu. Subiri kama dakika 20, ianze kushika, ndipo ufute vigae kwa sponji yenye unyevu kidogo. Ukiwahi utaitoa yote, ukichelewa itaganda juu ya kigae na utalia. Siku inayofuata nyunyizia maji kidogo ili isikauke kwa haraka na kupasuka.

Nyuma ya jiko la mkaa sisi tulichanganya simenti nyeupe na simenti ya kawaida kidogo, ikawa ya kijivu. Pale pa moshi, weupe ni mateso ya kujitakia.

Mwisho wa yote, kausha ukuta na uusugue kwa kitambaa kikavu cha pamba au gazeti kuukuu lililokunjwakunjwa. Karatasi ya gazeti inafuta ukungu wa maji vizuri. Ila uwe umeshamaliza kusoma safu hii, usinifute mimi kabla.

Vilivyochubuka: hapo ndipo rangi

Kwa vile vigae tisa tulilazimika kupaka. Nieleze vizuri maana hapa ndipo watu wanapoliwa pesa.

Rangi ya maji ya ukutani haikai kwenye kigae. Rangi ya mafuta inakaa, lakini siyo ukiipaka juu ya kioo kitupu. Itabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Fuata mpango huu. Osha mpaka kusiwe na mafuta hata kidogo, acha pakauke siku nzima. Sugua kwa msasa wa maji ulio laini, ukiwa umelowa, mpaka kigae kipoteze kile kimng'aro kilichobaki. Futa, kausha. Paka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, na ukiwa dukani sema wazi kwamba unataka ya kushika sehemu laini kama kigae. Ikikauka, paka rangi ya mafuta ya kung'aa mikono miwili, myembamba. Mkono mmoja mnene unachuruzika na haukauki ndani.

Kati ya mkono na mkono subiri saa 24. Kopo linaweza kukwambia saa chache, lakini kopo halikulala Songea mwezi wa Juni. Baridi na unyevu vinachelewesha rangi. Baada ya mkono wa mwisho, usiupige ukuta maji wala kuusugua kwa wiki nzima. Ile kukauka ya kuguswa siyo kukomaa.

Nami siwadanganyi. Rangi si kioo. Haitadumu kama ngozi ya tanuri, nyeupe itageuka umanjano kidogo kidogo kwenye jiko lenye kiza, na haifai kabisa pale moto unapopiga ukuta au bafuni panapolowa kila siku. Kwa nyuma ya jiko, sogeza jiko mbali na ukuta au simamisha kipande cha bati bapa katikati. Zipo rangi maalumu za vigae, zinazokuja vikopo viwili vya kuchanganya. Zinashika zaidi, lakini bei yake itakufanya ukae chini kwanza.

Jambo lingine la kuangalia ni madini ya risasi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa nayo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, inaharibu ubongo. Kwa hiyo kama vigae vyako vilishapakwa rangi miaka ya nyuma, usiisugue kikavu ukajaza vumbi ndani. Lowesha, kusanya maganda yote, na watoto wawe nje. Ukinunua kopo jipya, soma maandishi yake uone kama halina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni kisizidi sehemu 90 kwa milioni.

Na vile vitano vyenye ufa? Usihangaike dukani. Vigae vya siku hizi, vikiwemo vinavyotengenezwa hapahapa nchini kule Mkuranga na Chalinze, vingi ni vikubwa kuliko vile vidogo vya zamani. Tulizunguka penye nyumba inayobomolewa, tukaomba, tukapewa sita vya sentimita 15 kwa soda mbili. Yule fundi wa mama tukamwita avibadilishe, tukamlipa kwa vitano tu. Kila mtu akala kidogo, hakuna aliyenuna.

Tupige hesabu

Mimi niliishia kidato cha nne, lakini hesabu hii haitaki chuo kikuu. Ukuta wetu una urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 60. Zidisha, unapata mita za mraba 1.8. Lita moja ya rangi ya mafuta inafunika kama mita za mraba 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja. Hata kama ungepaka ukuta wote mikono miwili, ni mita za mraba 3.6. Nusu lita inatosha na inabaki. Sasa mtu akikwambia ununue galoni, yaani lita 4, muulize kwa upole kama anapaka jiko lako au anapaka na la kwake.

Sisi tulinunua magadi, sabuni, simenti nyeupe kilo mbili, karatasi moja ya msasa, kikopo cha praima na kikopo cha rangi cha nusu lita. Ukijumlisha na malipo ya fundi, haikufika hata nusu ya kodi yangu ya mwezi mmoja, na tulichanga watu watatu. Kikubwa tulichotoa ni jioni zetu. Nyumba za Songea hujengwa kwa vifaa vinavyosafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar kupitia Makambako, na kila kilomita unailipia wewe. Magadi na jasho viko hapahapa.

Mama alikuja siku ya kumi na nne, saa kumi na mbili jioni, akiwa na tochi. Hakusema neno. Alipitisha kidole ukutani kuanzia sinki mpaka kona, akakitazama kidole chake, akavigonga vile vitano vipya. Kisha akamwambia dada, "Kumbe ukuta wangu mlikuwa mnauficha." Kodi ilibaki ilivyokuwa kwa mwaka ule, na dada akamwomba aandike kwenye daftari la risiti. Akaandika.

Hilo la daftari lizingatie, msomaji wangu. Nyumba si yako. Kabla hujagusa ukuta wa mtu omba ruhusa, na mkikubaliana kitu, kiandikwe. Maneno ya mlangoni yanasahaulika mapema kuliko rangi inavyokauka. Nanyi wenye nyumba, msiwe wepesi wa kuvunja. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mpangaji anayekusafishia ukuta ni mali kuliko kigae kipya.

Ukishang'arisha, kulinda ni dakika mbili tu. Kila jioni baada ya kupika, ukuta ukiwa bado na vuguvugu, pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni nyuma ya jiko, halafu kikavu. Mafuta ya leo yanatoka kwa kitambaa, ya mwaka yanataka magadi, ya miaka kumi yanaleta fundi na nyundo.

Haya, nawaacha kwa leo. Wiki ijayo tukijaliwa nitawapa siri za kuondoa harufu kwenye magodoro ya sponji, na mnaojijua mnajijua. Mpaka hapo, kazi njema na jikoni kwema!